Hospitali Walipouliza Nimekuja na Nani

Wewe uliyenishika mkono sokoni ukaniuliza nilipotelea wapi, na wewe uliyeniandikia mara tatu nikakujibu "nipo tu", leo vuta kigoda unisikilize mpaka mwisho. Nimeamua kuandika ili nisirudie maneno haya mlango kwa mlango, na ili yule anayeona aibu kuuliza asome peke yake, chumbani kwake, bila kutazamwa usoni.

Mnaonijua dukani kwangu Msamala mnajua kwamba nauza mbegu na mbolea, na kwamba mteja haondoki kabla sijamweleza mara mbili kiasi cha kuweka kwenye shimo. Basi na hili nitalieleza hivyohivyo, taratibu.

Kwa miezi kumi na moja nilikuwa natoka damu ya mwezi isiyojua kwamba mwezi una siku zake. Siku tisa, mara siku kumi na mbili, napumzika kidogo, inaanza tena. Kubeba mfuko mmoja wa mbegu kulinifanya nione nyota. Kipimo cha utrasaundi kilionyesha kinyama kimeota ndani ya mfuko wa uzazi. Daktari aliyenipima alinieleza vizuri, Mungu ambariki: kinyama cha namna hiyo hutolewa kwa kupitia njia ya uzazi, bila kupasua tumbo, kwa kifaa chembamba chenye kamera. Yeye kifaa hicho hakuwa nacho. Na kama damu ingeendelea kumwagika hivyo, mwisho angelazimika kuniondolea mfuko mzima wa uzazi ili kuokoa maisha. Nina miaka thelathini na sita na mtoto mmoja, Imani. Mimi na mume wangu Osmund tunamwombea mdogo wake kila Jumapili.

Dar es Salaam kifaa kilikuwepo, lakini gharama yake ilituzidi kimo. Ndipo mteja wangu mmoja mwenye asili ya Kyela aliponiambia habari za hospitali ya misheni kaskazini mwa Malawi. Huko daktari bingwa wa wanawake hufika mara mojamoja na vifaa vyake, akafanya kazi hiyo wiki moja, kwa bei ambayo hata ukiongeza nauli ya kwenda na kurudi haikufika nusu ya ile ya Dar. Wiki yenyewe ilikuwa inaanza Jumatatu. Ijumaa saa sita mchana daktari angefunga begi lake aondoke, na atarudi lini, hakuna aliyeweza kusema.

Osmund alitaka twende wote. Nikakataa. Tukiondoka wawili, mama mkwe atauliza. Akijibiwa, ukoo mzima ulioko Lizaboni utajua habari za tumbo langu kabla basi halijafika Njombe. Nikamwambia mama mkwe nina semina ya pembejeo Mbeya. Akasema, "Nenda salama, uniletee mchele." Nikaona nimemaliza.

Songea hadi Lukumburu

Jumatatu basi liliondoka alfajiri, na mimi niliketi upande wa dirisha nikiwa na mkoba wa nguo, uyoga mkavu wa zawadi, na pedi za kutosha duka dogo. Jirani yangu alikuwa mwalimu mstaafu, Mwalimu Kapinga, mzee mwenye koti la suti na chupa ya chai, aliyekuwa anakwenda Karonga kumwona binti yake aliyeolewa huko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Safari ya wapi?"

"Mbeya. Semina ya pembejeo."

Sikujua nimejifunga mwenyewe. Mzee alikuwa na ekari tatu Madaba, na mahindi yake yalikuwa yanageuka njano kuanzia chini. Kutoka hapo hadi tulipoanza kupanda milima ya Lukumburu niliendesha semina ile kweli, yeye akiwa mwanafunzi pekee. Nilimweleza tofauti ya jani lenye unjano nchani na jani lenye unjano kingoni, huku moyoni nahesabu: leo Mbeya, kesho navuka mpaka, kesho jioni nipo hospitalini, Jumatano nawekwa kwenye orodha. Bado kuna nafasi. Tulia, Fidea.

Kwenye kona za Lukumburu tukakuta lori limelala kuikata barabara. Magari yalikuwa yamepangana mbele yetu hadi nyuma ya kilima. Dereva akazima injini, na injini ikizimwa mlimani, ujue safari imelala.

Wenye subira walishuka wakatandika khanga chini ya miti. Mimi sikuweza kukaa. Nilitembea hadi kwenye lori nikalitazama kana kwamba litaniogopa, nikarudi. Nikatembea tena. Na zaidi ya hayo nilihitaji choo, maana hali yangu haikutaka kusubiri lori. Pembeni ya barabara mama mmoja alikuwa anachoma mahindi, na nyuma ya nyumba yake niliona kibanda cha choo. Nikaomba. Akaniruhusu. Baada ya saa moja nikaomba tena. Mara ya tatu alinishika bega.

"Wee mwanangu, una nini?"

Alikuwa mwanamke mtu mzima, wa umri wa mama yangu, tuko wawili tu nyuma ya nyumba. Ningemwambia. Badala yake nikasema, "Tumbo tu, mama."

"Tumbo linaendesha?"

Nikatikisa kichwa, ishara ambayo yeye aliisoma anavyotaka. Hapo ndipo nilipojipikia uji ambao ningeunywa safari nzima. Mama yule aliacha mahindi yake yaungue. Akanichemshia majani ya mpera hadi maji yakawa meusi kama oili chafu, akasimama mbele yangu nikayamaliza. Akanipa ndizi mbichi za kuchemsha zisizo na chumvi. Na lori lilipovutwa, baada ya saa nne, akaja mpaka mlangoni mwa basi akamwita kondakta kwa sauti ya kuitia ng'ombe:

"Kijana! Huyu dada tumbo linamwendesha! Mkalishe mbele, na akisema simama, simama!"

Basi zima likageuka. Kondakta, kijana mwenye huruma na mdomo, akatangaza, "Jamani tumpishe dada wa tumbo." Hadi Makambako niliitwa hivyo. Tuliposimama kula, abiria waliagiza wali na kuku, mimi nikaletewa chai ya rangi na mkate mkavu bila kuulizwa. Mwalimu Kapinga alinilinda dhidi ya maharage kwa uaminifu mkubwa.

"Maharage hapana, binti. Nimefundisha sayansi miaka thelathini."

Mbeya tuliingia usiku. Nilikuwa na njaa kama mtu aliyetoka kulima, na nilikuwa nimeshapoteza saa nne.

Kasumulu, mpakani

Jumanne asubuhi tulipanda kosta ya kwenda mpakani, mimi na mzee wangu, kwa maana sasa ilibidi nikiri kwamba semina imehamia Malawi. Alishangaa kidogo, kisha akafurahi kupata mwenzi. Tuliteremka Tukuyu kwenye baridi na migomba, tukashuka bonde la Kyela kwenye joto, nami nilishika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili muda wote, kama vile kukishika kunaongeza mwendo.

Kabla ya daraja palikuwa na meza ya afya. Kipindupindu kilikuwa kinasemwa upande ule na upande huu, na kijana wa afya, mpole, mwenye barakoa, alimuuliza kila msafiri swali lilelile: kuna yeyote ameharisha siku hizi mbili tatu? Nilijibu hapana. Mwalimu Kapinga, mtu mwema, mtu asiyeweza kukaa kimya mbele ya kosa, akakohoa.

"Binti, usimfiche mganga. Sema ukweli." Akamgeukia kijana. "Jana tumbo lilimsumbua sana. Basi zima lilishuhudia."

Nakuomba ujiweke mahali pangu. Kulikuwa na neno moja tu la kunitoa pale, na neno hilo lilikuwa la kweli. Ningeinama nimwambie yule kijana, "Kaka, si kuharisha, ni damu ya kike," angeniitia mwenzake wa kike, ningeeleza, ningevuka. Lakini alikuwa kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, na nyuma yangu wamesimama watu arobaini, na Mwalimu wa sayansi ananitazama kwa masikitiko. Nikasema, "Ni kweli, lakini nimepona."

Wakaniweka kwenye chumba chenye vitanda viwili na ndoo. Hawakunitendea vibaya hata kidogo, walifanya kazi yao. Walinipa maji ya chumvi na sukari, lita ya kwanza, kisha ya pili, na nikanywa yote kwa ugonjwa ambao sikuwa nao. Kila nikienda chooni waliandika. Na kwa lita mbili, unadhani nilikwenda mara ngapi? Nilizunguka chumba kile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilihesabu mabati, nilihesabu misumari ya mabati. Mpaka ulifungwa tukiwa bado tunatazamana na ile ndoo.

Jumatano majira ya saa tatu wakaridhika kwamba sina kitu wakaniachia. Mwalimu alikuwa amelala gesti ya jirani kwa ajili yangu, na alikuwa amenishikia ndizi mbichi.

"Ningekuacha vipi, mgonjwa?" aliniuliza.

Sikuwa na uso wa kumkasirikia. Tukavuka daraja la Songwe kwa miguu. Ng'ambo saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, na nilipozungusha mshale nilijihisi kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoitarajia. Nilikuwa nimepoteza siku nzima nikarudishiwa saa moja.

Karonga na kuendelea

Taksi ya kuchangia ilitufikisha Karonga, ambako Mwalimu alipokewa na binti yake na wajukuu. Walinilazimisha kula. Kwa mara ya kwanza tangu Lukumburu nilikataa majani ya mpera na kuomba chakula cha watu, nao wakaleta wali wa Karonga na samaki wa ziwani, mzima, mwenye kichwa. Nilikula hadi binti wa Mwalimu akacheka: "Baba, huyu ndiye uliyesema anaumwa tumbo?"

Gari la kwenda kusini lilingoja lijae. Lilipojaa, dereva alikwenda kunyoa. Sitanii. Aliporudi ananukia poda, jua lilikuwa linaelekea kushuka, na tulipofika njia panda ya hospitali ilikuwa giza. Nililala kwa mama mmoja mwenye vyumba vya wasafiri. Alhamisi asubuhi nilipanda kilima kwa miguu, nasimama kila baada ya hatua hamsini kuvuta pumzi, naambiwa na wanafunzi wanaonipita, "Pole, mama." Kumbe na nchi ya watu husema pole, nikafurahi.

Hospitalini, Alhamisi

Vipimo vilikwenda vizuri kuliko nilivyoogopa. Damu yangu ilikuwa pungufu lakini ilitosha. Daktari bingwa, mwanamke mfupi mwenye miwani kichwani, alitazama picha yangu ya utrasaundi akasema ni kazi ndogo, ya nusu saa, na jioni naweza kula. Kesho Ijumaa amebakiza watu wanne. Mimi nitakuwa wa tano, wa mwisho. Ningemkumbatia.

Kisha nikapelekwa kwa Sista wa wodi, mwenye ubao wa majina na chaki. Alizungumza Kiingereza cha polepole, nami nikamjibu kwa kile changu cha kusoma maelekezo ya viuatilifu.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu," nikasema. Nilisema kwa kujivuna kidogo. Nchi mbili, siku nne, peke yangu.

Chaki ikasimama. Akanitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa, nusu huruma na nusu wasiwasi.

"Ndugu zako wamekufukuza?"

"Hapana!"

"Wamekufa?"

"Hapana, Sista. Wapo. Wengi."

"Kwa hiyo kwa nini uko peke yako?"

Hapa nieleze, maana sisi nasi tunauguza wagonjwa wetu, lakini kwao jambo hili ni nguzo. Kila mgonjwa anayelazwa huja na mtu wanayemwita gadiani. Huyo ndiye anayempikia, anayemfulia, anayelala karibu naye, na anayemkimbilia nesi mambo yakiharibika. Nyuma ya hospitali wana jengo lao na majiko yao. Yule wa hospitali niliyempigia simu kabla ya safari hakulitaja, kwa sababu kwao ni kama kumkumbusha mtu aje amevaa nguo. Asiye na gadiani ni mtu ambaye kwao wamemtupa, na mtu aliyetupwa na kwao huenda kuna sababu.

"Manesi usiku wako wawili kwa wodi nzima," Sista alisema. "Ukianza kutoka damu umelala, nani atajua? Siwezi kuandika jina lako. Leta ndugu."

"Ndugu yangu wa karibu yuko mwendo wa siku mbili!"

"Orodha nafunga leo jioni, jua likizama."

Nilitoka nje. Nilimpigia Osmund, nikasikia sauti yake ikivunjika: "Nilikwambia twende wote." Nilizunguka lile jengo la hospitali mara sita. Mlinzi wa geti akaanza kunifuata kwa macho. Ile mara ya saba miguu ilinipeleka nyuma, kwenye majiko.

Kwenye majiko

Walikuwa wanawake kama kumi na wawili, kila mmoja na moto wake na sufuria yake ya sima, ndio ugali wetu, laini zaidi. Nilisalimia kwa Kinyasa kidogo nilichookota kwa wateja wa Mbamba Bay. Wakanijibu kwa furaha, kisha mmoja akauliza swali ambalo huko huulizwa mwanamke kabla ya jina lake: wewe ni Nya nani? Yaani ukoo wa baba yako.

"Gama," nikasema.

"NyaGama!" wakaita kwa pamoja, wakigeukia kona. Mama mmoja mwembamba, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, aliacha kusonga. Yeye alikuwa NyaGama pia. Alikuwa anamuuguza binti yake aliyejifungua kwa upasuaji, na Kiswahili alikijua kwa kuuza mchele sokoni Kyela miaka mingi.

"Gama wa wapi wewe?"

"Songea."

"Haa! Waliopita wakaenda kaskazini, halafu hawakutuma hata salamu!"

Wakacheka wote. Unajua Wangoni wa huko na wa kwetu ni mafuta ya chungu kimoja, na kwao ukoo ukiwa mmoja, baba ni mmoja. Mengine ni umbali tu. Nikamweleza habari ya Sista. Hakuniacha nimalize.

"Twende. Mimi ni shangazi yako."

Sista alitusikiliza amekunja mikono. "NyaGama, una mgonjwa tayari."

"Nina mikono miwili."

"Huyu umekutana naye lini?"

"Leo. Lakini ni mtoto wa kaka yangu."

"Kaka gani?"

"Yule aliyekwenda Songea."

"Alikwenda lini?"

Mama akafikiri. "Zamani."

Sista alijizuia kucheka, nikaona mashavu yanamcheza. Lakini alirudi kuwa Sista. Akasema neno ambalo limebaki nami. "Ukoo sina ugomvi nao. Ila gadiani asiyejua ugonjwa wa mtu wake ni mpita njia. Nendeni mkae. Mweleze kila kitu. Nitakuja kabla ya jua kuzama, na nitamuuliza yeye, si wewe."

Tukarudi majikoni. NyaGama akanipa kigoda na majani ya maboga nimsaidie kuchambua. "Haya. Anza."

Nikaanza kunong'ona.

"Siskii. Moto unalia."

Nikapandisha sauti kidogo. Wanawake wakasogeza vigoda, si kwa udaku tu, ingawa na udaku ulikuwepo. Nilichambua jani moja hadi likabaki mshipa. Mimi ninayewaeleza wakulima wenye ndevu habari za kupandisha mahindi bila kupepesa, sikujua nianzie wapi kusema habari za mwili wangu. Nikajiambia: Fidea, fanya kama dukani. Tatizo limeanza lini. Limeonekanaje. Umeweka nini.

Nikasema. Lini ilianza. Siku ngapi. Mabonge. Kwamba nililala na taulo chini, kwamba nilimkwepa mume wangu na yeye akadhani nimemchoka. Kwamba mimba moja iliharibika mwaka wa kabla sikumwambia mtu hata mama yangu mzazi. Kwamba naogopa kutolewa mfuko wa uzazi kuliko ninavyoogopa kufa, na ninajua ni ujinga. NyaGama alitafsiri sentensi kwa sentensi kwa wenzake, na hakuna aliyeficha uso. Mmoja akauliza damu ilikuwa nyeusi au nyekundu. Mwingine akasema dada yake alikuwa hivyohivyo. Wa tatu, aliyekuwa kimya, akasema kitu kwa sauti ndogo, na NyaGama akanigeuzia: "Anasema na yeye. Tangu Pasaka. Amekuja kumuuguza mkwewe, mwenyewe hajasema." Wenzake wakamvamia kwa maneno hapohapo, na nadhani kesho yake naye alipimwa.

Kisha nikawaambia kisa cha majani ya mpera na lita mbili za mpakani. Bibi mmoja alicheka hadi akaegemea ukuta.

Jua lilipokuwa linagusa kilima, Sista alikuja. Alisimama mbele ya NyaGama kama mkaguzi wa shule.

"Mgonjwa wako anaumwa nini?"

"Damu. Miezi kumi na moja sasa. Kuna kinyama ndani."

"Anatumia dawa gani?"

"Vidonge vyekundu vya kuongeza damu. Vinamfunga choo." Majiko yote yakacheka, nami nikacheka.

"Mimba ngapi?"

"Tatu. Mtoto mmoja, moja iliharibika..." Akasita.

"Mbili!" wakasahihisha wanawake watatu kwa pamoja. "Mimba mbili!"

"Mbili. Nimekosea."

"Dawa inayomdhuru?"

"Hana. Sindano anaiogopa, lakini hatakwambia."

"Akitoka damu usiku?"

"Nitakuita. Usipokuja nitapiga sufuria."

Sista alichukua chaki kutoka mfukoni. Alirudi wodini, na sisi tukamfuata hadi mlangoni kuhakikisha, akaandika ubaoni, wa tano: Fidea. Pembeni yake akaandika: NyaGama, shangazi.

Ijumaa

Asubuhi sikuruhusiwa hata maji. Wa kwanza aliingia, wa pili, wa tatu. Wa nne alichelewa kutoka. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa changu, nikahama benchi ili nisiione, nikagundua naisikia. Dirishani niliona gari la daktari limefunguliwa mlango wa nyuma, na mtu anapakia maboksi. Nikasimama. Nikaketi. NyaGama hakunituliza, alikwenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, na kila aliyetoka, awe mfagiaji au nesi, alimwambia kwa Kitumbuka, lugha ya huko, na kidole kimoja juu, na sikuhitaji mkalimani: bado mmoja, bado mmoja.

Daktari mwenyewe akatoka, amechoka, anavua kofia. NyaGama akainua kidole. Daktari akatazama saa, akatazama kidole, akavaa kofia yake tena.

Walinichoma sindano ya usingizi mfupi. Nilipozinduka nilisikia harufu ya uji wa karanga. NyaGama alikuwa kando yangu na kijiko.

"Wamekitoa," alisema. "Nimekiona kwenye chupa. Kama punje ya karanga iliyolowekwa. Na hicho ndicho kimekutembeza hivi!"

"Na mfuko?"

"Uko palepale. Kunywa."

Usiku ule alikuja mara nne na tochi kuniangalia pedi, bila kuuliza, bila kutahayari, akarudi kwa binti yake. Kile kinyama kilipelekwa kupimwa, na majibu yalinifikia Songea baada ya majuma kadhaa: hakikuwa na ubaya wowote. Uyoga wangu mkavu niliuacha majikoni, na sijawahi kutoa zawadi iliyopokewa kwa makelele kama yale.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa fupi katika kumbukumbu. Osmund alinifuata hadi Mbeya. Mpakani yule kijana wa afya aliponiuliza, nilimwita pembeni nikamweleza ukweli, na yeye akasema tu, "Dada, ungesema. Tungekuvusha dakika kumi."

Nyumbani mama mkwe alikuwa barazani anapepeta. Alinitazama ninavyopanda ngazi mbili za mlango.

"Semina gani hii inayomrudisha mtu anatembea kama amebeba mayai?"

Osmund alifungua mdomo. Nikamgusa mkono, nikaketi kwenye mkeka karibu na ungo, nikamweleza mama yake yote. Nilipomaliza aliendelea kupepeta kwa muda, makapi yakiruka.

"Mimi baada ya Osmund nilitoka damu miaka miwili," akasema. "Nilidhani ni mimi peke yangu duniani. Ikakoma yenyewe, na watoto wakakoma." Akaweka ungo chini. "Ungeniambia, Fidea. Ningekuja kukupikia."

Ndiyo hayo. Damu yangu sasa inajua siku zake, tano, na mifuko ya mbegu naibeba mwenyewe. La mdogo wake Imani tumemwachia Mungu, lakini mahali pa kumweka papo.

Nawe uliyesoma ukiwa umefunga mlango: kama damu yako inapita siku saba, au inarudi kabla ya wakati wake, usingoje miezi kumi na moja kama mimi. Leo, kabla hujalala, chagua mtu mmoja, mwambie ilianza lini na ni siku ngapi. Kesho asubuhi nenda naye ukapimwe.